Ukuta Nilioujenga Ukingoni mwa Thuci

Ghala letu la mtama liliingia mtoni mchana kweupe, jua likiwaka, nami nimesimama hatua kumi kutoka pale na ungo mkononi. Siku hiyo hainitoki, mwanangu. Miaka imepita mingi, meno yamepungua, lakini nikifumba macho bado nasikia miti ya ghala ikilia na moyo wangu unaanza kwenda mbio kama wa msichana.

Keti basi. Chai ipo jikoni, na mimi sina haraka. Nitakueleza yote, pamoja na yale ninayoyaonea aibu.

Ninyi mnaniita Cucu, yaani bibi, na wengine hamjui hata jina langu. Naitwa Kageni. Kwetu nilikozaliwa si hapa Mbeere, ni ng'ambo ya mto, upande wa Tharaka. Mama yangu alifariki nikiwa bado natambaa, nikalelewa na dada wa baba yangu, Shangazi Ciamati. Alinilea pamoja na mwanawe Mutegi, tukala sahani moja, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mimi nilikuwa wa kuletwa. Nilipoolewa na Njeru wa upande huu sikwenda mbali. Nikisimama mlangoni kwangu asubuhi niliona moshi wa jiko la shangazi ukipanda upande wa pili, chini kidogo ya kona ya mto.

Shamba la Njeru lilikuwa kwenye kona hiyo, pale maji yanapokuja kwa nguvu na kulazimika kupinda. Mto wa Thuci unautambua wewe. Unaweza kuwa umeanika nguo, mbingu nyeupe, hakuna hata wingu, kumbe mlimani mvua imenyesha tangu alfajiri. Maji yanakuja mekundu, yamebeba magogo. Kila msimu yalitumega. Mwaka mmoja yalichukua mistari minne ya ndengu, mwaka uliofuata yakachukua mgomba na sehemu ya zizi.

Sasa siku hiyo nilikuwa napepeta mtama. Niliona ardhi imechorwa mstari mwembamba kama uzi, kutoka mguu wa ghala hadi kwenye kichaka. Nikauangalia ule mstari bila kuuelewa. Njeru akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Nilipogeuka, ghala lilikuwa limeinama kama mzee anayefunga kamba ya kiatu, kisha likakaa majini, likaelea wima, paa lake juu, likazunguka kona polepole likaenda zake. Mavuno ya mwaka mzima. Nilikimbia kando yake huku naliita, utadhani ni ng'ombe aliyepotea. Mwishowe nikakaa chini nikacheka hadi nikalia.

Kabla jua halijazama nilikuwa nimeamua. Mto huu hautachukua tena hata konzi moja ya udongo wetu.

Lazima ujue wakati wenyewe ulikuwaje. Uhuru ulikuwa bado una harufu ya rangi mpya. Kila Jumamosi palikuwa na harambee mahali fulani: hapa shule, kule zahanati, pale josho la ng'ombe. Tuliamini kwamba watu wakikusanyika na majembe hakuna kinachoweza kuwashinda, na kusema kweli mara nyingi hatukushindwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na tayari nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na nguvu, na nilipenda sana watu waniangalie ninapozungumza.

Nikaenda Ishiara siku ya soko kumtafuta Fundi Nyaga. Huyu alikuwa amefanya kazi ya madaraja miaka mingi na alijua kusuka vikapu vya waya, vikubwa kama kitanda, ambavyo hujazwa mawe na kupangwa kimoja juu ya kingine hadi vinakuwa ukuta. Alikuja, mtu mrefu asiyesema sana, akatembea ukingoni siku nzima akichomeka fimbo majini. Halafu akaniuliza ukuta utaanzia wapi na kuishia wapi. Nikamwambia utaanzia kwenye mpaka wetu wa juu na kuishia kwenye mpaka wetu wa chini. Akaangalia mto unakoteremkia. Akasema pale utakapoishia, maji yatatafuta kitu kingine cha kupiga, na kwamba yeye angependa kwanza tuzungumze na watu wanaokaa chini yetu. Nilimjibu kwamba mvua ilikuwa imebakiza miezi miwili na mazungumzo hayazuii maji. Akainua mabega. Alikuwa amekuja kujenga, akajenga.

Ee mwanangu, kazi ile! Ningependa ungeiona. Wanawake tulipasua mawe kilimani, tukayabeba mgongoni kwa ukanda wa ngozi uliopita kwenye kipaji cha uso, tukiteremka kwa wimbo, vumbi hadi kwenye kope. Wiki ya kwanza wanaume walisimama wakitutania. Wiki ya pili walikuwa wanabeba. Njeru alijifunza kufunga waya na koleo akawa hodari kuliko vijana wa fundi. Ukuta ulipanda kikapu baada ya kikapu, hatua themanini kwa urefu, juu kuliko kichwa cha mtu, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Nilikuwa naamka nikiwa na hamu ya kuuona.

Wiki ya mwisho shangazi alikuja. Mto ulikuwa umepungua, akavuka kwa miguu, viatu mkononi. Akautembelea ukuta wote akiwa ameweka mikono nyuma, akagusa waya, akasifu mafundo, akamsifu Njeru. Wanawake wote wapo, tumepumzika, tunakula githeri. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Na mchanga wangu utatoka wapi?"

Sikumwelewa. Akanieleza. Upande wake, chini ya kona, kulikuwa na ufuo mpana wa mchanga mweupe. Wewe hukuuona ukiwa vile. Kiangazi kikikaza na mto kubaki vidimbwi vya kijani, watu wa ng'ambo walichimba shimo kwenye mchanga ule, mkono ukifika kiwiko maji yanajaa, maji safi, baridi, yaliyochujwa. Vijiji viwili vilikunywa pale. Na ufuo ule ule ndio uliokaa kati ya mto na shamba la shangazi, mafuriko yakichezea mchanga badala ya kula udongo. Shangazi akasema mchanga ule hutoka kwenye ukingo wetu. Mto huumega kwetu, huubeba kupita kona, ukifika kwake unachoka na kuutua. Kila msimu mchanga mwingine huondoka kwenda chini, na mwingine huja. "Ukifunga hapa," akasema, "wa zamani utaondoka na hakuna utakaokuja."

Mwanangu, alikuwa sahihi kila neno. Na mimi, mbele ya wanawake wote, nilimjibu yule mama aliyenilisha kwa mkono wake: "Shangazi, ninyi wa ng'ambo mmezoea kunufaika na hasara yetu. Sasa basi."

Baadhi walicheka. Nilipenda kicheko kile. Shangazi akafunga leso yake vizuri. "Haya," akasema. "Nimekuuliza na umenijibu." Akavuka akarudi kwake.

Mvua ikaja. Tulikuwa tumejipanga ukingoni kama watu wanaosubiri msafara wa mkubwa. Mto ukaanza kwa sauti, ngurumo ya chinichini kama lori linalopanda kilima, halafu maji yakazunguka kona ya juu yakiwa ukuta wa pili unaokuja kuukabili wa kwetu. Yakagonga. Povu likaruka likatulowesha. Ardhi ikatetemeka chini ya miguu, na nilishika mkono wa Njeru nikaubana hadi akaguna. Kisha maji yakapinda yakaondoka. Hakuna jiwe lililotoka. Hakuna konzi ya udongo iliyokwenda. Wanawake walipanda juu ya ukuta wakacheza, mimi nikiwa mbele, na mto ukipita chini yetu kwa hasira.

Tulichinja. Chifu alikuja akahutubu, akasema mwanamke huyu angefaa kuwa mhandisi. Watu walitoka hadi Runyenjes kuja kuutazama ukuta, na mimi nilikuwa nawapitisha huku na huku nikieleza. Nilijiona nimeufunga mto kamba shingoni.

Dalili zilianza kiangazi kilichofuata, na zilianza kwetu wenyewe. Chini ya ukuta palikuwa na kijifuo ambapo tulifulia nguo. Kilitoweka. Maji yaliyokuwa ya kufika kwenye kifundo cha mguu yakawa ya kina, meusi, na Njeru alichomeka mti mrefu usiguse chini. Mwisho wa ukuta, nyuma ya kikapu cha mwisho, lilitokea shimo la kutosha ng'ombe kulala. Tukalijaza mawe. Likatokea tena.

Na ng'ambo je? Nilikuwa nasimama juu ya ukuta asubuhi nikiwaona. Wanawake wa kwetu, wengine nimecheza nao utotoni, wanachimba mchanga kwa mikono, halafu kwa jembe, halafu naona jembe limegonga mwamba limeruka. Ufuo ulikuwa umekonda, mifupa yake imeanza kuonekana. Walifunga mitungi kwenye punda wakaelekea kijito cha mbali, kwenda na kurudi ni nusu siku. Nilijiambia ni kiangazi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza, lakini nilikuwa najiambia hivyo nikiosha sufuria, nikipalilia, nikienda kanisani. Na msimu ule wote sikuvuka kwenda kumsalimu shangazi hata mara moja.

Hapa nataka unisikilize vizuri. Nilijua. Ukiwa kijana unaweza kudhani kwamba makosa makubwa hufanywa na watu wasiojua. Mimi nilijua tangu jembe la kwanza lilipogonga mwamba, na bado nilipitisha wageni ukutani nikipokea sifa.

Mvua za pili zilikuja na hasira. Ilikuwa alasiri, jua kali. Nilikuwa nimepanda ukutani na wanawake watano au sita, tumekuja kutazama maji kama mtu anayekwenda kutazama mpira. Ng'ambo, shangazi alikuwa shambani kwake anakata masuke ya mtama, kikapu mgongoni, mbuzi wake wawili wamefungwa kwenye kisiki. Mafuriko yakafika na miti mizima ndani yake. Yakagonga ukuta, na safari hii nikayafuata kwa macho badala ya kushangilia. Niliona yalivyogonga yakarudi, yakaruka kama jiwe lililotoka kwenye kombeo, yakakata mto mshazari, yakaenda kutua moja kwa moja kwenye ukingo wa shangazi. Zamani yangekuta ufuo. Sasa yalikuta udongo mtupu.

Mtama ulianza kuanguka kwa mistari. Umesimama, umekomaa, kisha haupo. Nilipiga kelele, lakini mto ulikuwa unanguruma na shangazi alikuwa ameinama. Alipoinuka, ardhi kati yake na nyumba ilikuwa imefunguka na maji yanapita. Amebaki kwenye kipande cha shamba kama ukubwa wa chumba hiki, yeye na mbuzi wawili.

Mutegi alitoka mbio nyumbani na kamba ya plau. Akaifunga kwenye mgunga, akajifunga kiunoni, akaingia hadi kifuani, watu wengine watatu wakishika nyuma. Akarusha ncha iliyobaki, ikaenda na maji. Akavuta, akarusha tena. Unajua shangazi alikuwa anafanya nini wakati huo? Alikuwa anafungua mbuzi. Akamshika mmoja miguu, akamrusha kwa nguvu zake zote kuelekea kwa mwanawe, na yule mnyama akaogelea akatoka. Akamrudia wa pili. Mara ya tatu kamba ikamfikia, akaizungusha mkononi mara mbili, na hapo hapo kipande chote kikazama.

Niliona kichwa chake kikiingia. Maji mekundu, mabua, povu, basi. Wale wanaume wanavuta, wameegemea nyuma hadi wanakaribia kulala. Mimi nimesimama juu ya ukuta wangu, mkavu, siwezi kumfikia, siwezi hata kumwita akanisikia. Nilitaka kuruka na mwanamke mmoja alinishika sketi kwa mikono miwili. Kisha mkono ukatokea, kamba imeuzunguka, halafu bega, halafu shangazi mzima, wakamburuta ukingoni kama gunia. Akakaa kidogo. Akakohoa. Akapeleka mkono kichwani kutafuta leso yake, akakuta haipo, akaanza kufunika nywele kwa viganja.

Ukuta wetu siku hiyo haukutoa jiwe hata moja.

Sikungoja mto upungue. Niliteremka hadi kwenye daraja la barabara, nikazunguka kwa miguu, nikafika kwa shangazi jua likikaribia kuzama. Alikuwa jikoni, mkono umevimba, alama ya kamba imeuzunguka kama bangili nyekundu. Nilipiga magoti. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Njia nzima nilikuwa natunga maneno yake na majibu yangu. Aliniangalia akasema, "Umekula?"

Hapo ndipo nililia, mwanangu. Hakuna tusi ambalo lingeniingia vile.

Asubuhi alinipeleka pale palipokuwa ufuo. Alibeba karai, birika na kigae cha chungu kilichovunjika. Akapanga mchanga kwenye karai, akauchora mto mdogo wenye kona, akanipa birika akasema nimwage polepole. Maji yakamega ukingo wa kona, yakaubeba, yakautua chini yake upande wa pili, kilima kidogo kizuri cha mchanga. "Huu ni mwaka juzi," akasema. Akachomeka kigae kwenye kona. Nikamwaga tena. Maji yaligonga kigae yakaruka upande wa pili, kile kilima kikaanza kuondoka chembe kwa chembe na hakuna kilichokuja kukijaza. Na mbele ya kigae pakachimbika shimo, hadi kigae chenyewe kikaegama kikaanguka kifudifudi.

Alikiacha pale. "Ulidhani mto unakuibia," akaniambia. "Ulikuwa unanipa mimi, na wa chini yangu nao wakipewa. Zamu yako ya kutoa ilikuwa chungu, najua. Ungekuja tukae tuone tunakusaidiaje. Ulikuja na ukuta."

Nilirudi nyumbani nikiwa nawaka. Nilitaka kuubomoa siku ile ile. Njeru alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nimerukwa na akili. Hiyo ni ardhi ya baba yake. Wanawake walikasirika zaidi, na walikuwa na haki, mawe yale yalikuwa yamepita kwenye migongo yao kwa amri yangu. Mmoja aliniambia kwamba nilipotaka sifa niliwabebesha mawe kwenda mtoni, na sasa nikitaka usingizi mzuri nitawabebesha kurudi.

Aliyeniokoa ni Fundi Nyaga. Nilimleta mto ulipopungua, na Njeru akaja ili amsikie akinikatalia. Fundi aliingia majini, akapitisha mti mrefu chini ya kikapu cha chini kabisa. Mti uliingia wote hadi mkono wake ukalowa begani. Akamwita Njeru ajaribu mwenyewe. Chini ya ukuta hapakuwa na kitu. Maji yalikuwa yamechimba udongo wote wa msingi, na ule ukuta mzuri ulikuwa umening'inia kwenye waya zake, na nyuma yake, palepale mwishoni, shimo lilikuwa linatambaa kuelekea nyumba yetu. Fundi hakutukumbusha kwamba alituuliza mapema. Alisema tu kwamba ukianguka wenyewe utaanguka na nyumba, na kwamba ni afadhali tuufungue sisi, kwa mpango, wakati maji yamelala.

Njeru alitoka majini, akakamua suruali yake. Kisha akauliza nyumba mpya tutaiweka wapi.

Hapo kazi ikaanza upya, na nakuambia, ilikuwa na furaha kuliko ile ya kwanza. Tulihamisha nyumba, zizi na ghala kwenda juu kwenye mwinuko, hatua sitini kutoka ukingoni. Siku ya kuufungua ukuta watu wa ng'ambo walivuka wote, na wanawake wetu, ambao walikuwa wameapa kutogusa jiwe, walikuja wamesimama mbali wamekunja mikono, halafu wimbo ulipoanza mikono ikakunjuka. Nilimpelekea shangazi koleo ili akate waya wa kwanza. Akakataa. "Kata wewe," akasema. "Mimi nitakushikia." Akashika waya kwa ule mkono uliokuwa bado na kovu, nami nikakata, na mawe yakamwagika kwa kishindo, na watu wakapiga vigelegele upande huu na ule.

Fundi aliyalaza mawe machache pale kwenye kona kali tu, chini, kwa mteremko, ili maji yapande juu yake yachoke badala ya kugonga na kuruka. Mengine yalivuka mto kwa migongo yetu na kujenga kisima cha watu wa ng'ambo, wapate maji wakati mchanga unarudi. Juu ya ukingo tulipanda matete na mabingobingo, na nyuma yake mikuyu, na tukakubaliana kwamba sehemu ile ni ya mto.

Usinielewe vibaya ukadhani yote yalirudi. Msimu uliofuata mto ulichukua hatua kumi na moja za shamba letu, pamoja na mahali niliposimama siku ile na ungo. Niliona ardhi ikienda. Iliuma. Shamba la shangazi halikurudi kabisa; alilima kwa Mutegi hadi mwisho wa maisha yake. Lakini mwaka wa kwanza ulitokea ulimi mdogo wa mchanga ng'ambo, mweupe, mrefu kama mkeka. Nilimwita Njeru kwa kelele akadhani nyoka ameingia ndani. Mwaka wa pili ukaongezeka. Mwaka wa tatu wanawake walichimba wakafika maji, na nilikuwa pale nimevuka, nimekaa kando ya shangazi miguu imenyooshwa juani, tumelowa, tunacheka kama wendawazimu.

Mjukuu wangu anayefanya kazi Pwani alinipeleka mara moja kuona bahari. Akanionyesha hoteli moja iliyojenga ukuta mrefu ili mawimbi yasile bustani yake. Bustani ilikuwa nzuri. Mbele ya ukuta hapakuwa na mchanga hata wa kukaa paka, mawimbi yanagonga na kurudi, na mwisho wa ukuta jirani alikuwa amepoteza minazi mitatu, imelala na mizizi juu. Mjukuu akaanza kunieleza kwa maneno ya chuo. Nikamwambia mwanangu, pumzika, haya nayajua tangu ujana wangu. Alinitazama kama aliyeona bibi yake anaruka angani.

Na sasa nasikia ninyi vijana mna mpango wa kumwaga zege ukingoni, juu kidogo ya daraja, kulinda mashamba yenu ya matikiti. Sikukatazi kulinda kilicho chako. Mtu aliyeona mavuno yake yakielea hawezi kukucheka. Ninachokuomba ni hiki. Kabla ya kufunga njia ya maji, jiulize hayo maji yatakwenda kumpiga nani, na huo udongo unaouzuia ulikuwa unamlisha nani. Usijiulize mwenyewe nyumbani. Nenda kwa walio chini yako, keti kwao, waulize, na uvumilie majibu. Kama unaweza kusogeza nyumba, sogeza nyumba. Kama unaweza kupanda, panda. Jiwe liwe la mwisho, liwe dogo, na lilale chini. Na siku utakapogundua umekosea, usingoje hadi mtu avutwe kwa kamba. Vuka siku hiyo hiyo, hata kama ulimjibu vibaya, hata kama watu waliokusifu watakukasirikia. Mimi nilichelewa msimu mzima, na bado nilipokelewa kwa chakula. Si kila mtu atakuwa na bahati ya shangazi kama wangu.

Haya, inama nikushike kichwa. Mungu akupe nguvu za kujenga, na moyo laini wa kubomoa inapobidi. Akupe majirani wakuulizao maswali magumu, nawe akupe masikio. Mvua zikunyeshee kwa kiasi, shamba lako lizae, na wanaokaa chini yako walitaje jina lako kwa wema wanapochota maji. Nenda kwa amani, mwanangu.